Kufuma Zawadi Safarini: Uzi Upi, Sindano Ipi, Siti Ipi?

Anayepanda basi Bukoba kwenda Dar es Salaam ana karibu kilomita 1,400 za kukaa kitini: Muleba, Lusahunga, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, ndipo aione Dar. Wengi hawaendi kutembea tu. Wanakwenda kwa binti aliyejifungua, kwa kaka anayeoa, kwa shangazi anayeumwa, na huku kwetu Kagera mtu haingii kwa mwenzake mikono mitupu. Ndiyo maana kwenye buti la basi kuna ndizi, kwenye vikapu kuna kahawa ya kutafuna, na msimu ukifika kuna senene. Wapo pia wanaopanda na donge la uzi na sindano, wakafuma njia nzima, wakashuka na kofia ya mtoto au kitambaa cha meza cha kumkabidhi mwenyeji.

Naipenda kazi hii, na ningefurahi kuiona zaidi ndani ya mabasi yetu. Lakini zawadi ya kufuma si ya bure kama wengi wanavyodhani. Mtu anaweza kununua uzi kwa fedha ambayo ingempatia doti ya kanga, akachoka njia nzima, kisha akatoa kitu ambacho mpokeaji hatakivaa hata siku moja. Uzi, sindano, usafiri na mwanga, kila kimoja kina gharama yake, na kila kimoja kina njia ya kukipunguzia gharama hiyo.

Nianze na uzi, maana huko ndiko fedha inakoishia.

Bei zinapanda na kushuka, na duka la Bukoba mjini halilingani na la Muleba, kwa hiyo nitatumia mfano ambao kila msomaji anaweza kuubadilisha kwa bei ya dukani kwake. Tuseme donge la gramu 100 ni shilingi 5,000. Hapo kila gramu ni shilingi 50. Kofia ya mtoto mchanga hula gramu 30 hadi 40, yaani shilingi 1,500 hadi 2,000. Jozi ya vibuti vya mtoto ni gramu 20 hivi, shilingi 1,000. Kishikio cha sufuria ni gramu 40, shilingi 2,000. Skafu ya mtu mzima hula gramu 150 hadi 200, ambazo ni shilingi 7,500 hadi 10,000, na haimaliziki kwa safari moja. Ukiitazama hesabu hiyo utaona kwamba vitu vidogo ndivyo vyenye faida: donge moja linatoa kofia mbili na vibuti vya mtoto mmoja, na pengine uzi kidogo unabaki wa kushonea.

Jambo la kwanza la kuangalia dukani ni uzito. Madonge mengi huuzwa bila karatasi, na hata yenye karatasi yameshikwashikwa na kupungua. Muombe muuzaji alipime donge lako. Kama hana mzani, jirani yake anayeuza unga au sukari anao. Donge la gramu 80 lililouzwa kwa bei ya gramu 100 limekuibia nusu ya kofia. Muuzaji mwaminifu hatanuna ukimuomba hivyo.

La pili ni kujua uzi umetengenezwa kwa nini. Wauzaji wengi huuita wote "uzi wa sweta", kumbe kuna pamba, kuna sufu ya kondoo, na kuna akriliki inayotoka kiwandani, ambayo ndiyo iliyojaa madukani. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo au kibanio cha chuma mbali na nguo, ukiwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka haraka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto huzimika yenyewe. Akriliki huyeyuka, kisha huganda kuwa tone gumu jeusi. Jaribio hilo linamalizika kwa dakika moja, na ndilo linaloamua kama zawadi yako itafaa.

Kwa nini? Kwa sababu kinachoyeyuka kwenye moto hakifai kuwa kishikio cha sufuria. Nimeona vishikio vizuri vya akriliki, vyenye rangi za kuvutia, vimetolewa zawadi kwa bibi harusi. Siku ya kwanza atakapoepulia sufuria kutoka kwenye jiko la mkaa, uzi utamgandia mkononi. Vishikio vifumwe kwa pamba tu, tena pamba nene iliyokunjwa mara mbili. Pamba ni ghali kidogo kuliko akriliki na haivutiki, kwa hiyo mkono huchoka mapema, lakini kwa kazi za jikoni hakuna mbadala.

Kwa mtoto, fikiria anakoishi. Wanaotoka Bukoba huwa wanasahau hili. Huku mvua ni nyingi, na milima ya Kamachumu asubuhi ina baridi ya kweli. Mzula wa akriliki au sufu unamfaa mtoto wa Ndolage, na akriliki ina sifa ya ziada ya kukauka haraka siku ambazo jua halitoki. Dar es Salaam ni habari nyingine. Mtoto aliyezaliwa Mbagala mwezi wa Januari hahitaji mzula wa sufu. Anahitaji kofia nyepesi ya pamba yenye matundu, ambayo mama yake atamvisha saa ya alfajiri na kumvua jua likipanda. Kwa hiyo uzi wa kwenda pwani uwe pamba nyembamba, na uzi wa kurudi nyumbani uwe wa sweta.

Sasa njia mbili za kupata uzi kwa bei ya chini, ambazo hazitumiki inavyostahili.

Moja ni mafundi wa sweta za shule. Wanaofuma sweta kwa mashine hubaki na uzi wa rangi za shule kila msimu unapokwisha: kijani, bluu iliyoiva, damu ya mzee. Wengi watakuuzia kwa uzito na kwa bei ya kutupa, kwa sababu mabaki hayatoshi sweta nzima. Uzi huo ni mwembamba, umetengenezwa kwa ajili ya mashine, kwa hiyo unafuma nyuzi mbili au tatu kwa pamoja. Rangi zake hazina mbwembwe, lakini ukichanganya bluu na nyeupe unapata kofia ya kupendeza.

Nyingine ni mtumba. Sweta kubwa la mtu mzima lina gramu 300 hadi 500 za uzi ndani yake. Ukilipata kwa bei ya donge moja au mawili ya dukani, umenunua uzi wa kofia saba au zaidi. Lakini si kila sweta linafumulika. Ligeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa ile mashine ya kuzuia kuchanika, kila mstari umekatwa, na ukifumua utapata vipande vya urefu wa kwapa hadi kwapa; liache hapo hapo. Kama vipande viwili vimeungwa kwa mshono unaofanana na mnyororo, na kingo za kila kipande ni nzima, hilo linunue. Tafuta pia lile lenye karatasi ya ndani inayosema sufu au pamba asilimia 100, na lisiwe limekunjamana na kugandamana kama blanketi, maana sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto huganda na haifumuki tena.

Kufumua ni kazi ya jioni moja. Anza juu, kwenye shingo, ukiuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Ukiisha, ufunge sehemu nne ili usichanganyikane, uuloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha utundike ukiwa na uzito mdogo chini, kama chupa ya maji. Mawimbi ya zamani yatanyooka na uzi utarudi kuwa mpya. Kwa nyumba yenye muda na fedha kidogo, njia hii inashinda duka, na ubora wa sufu unaoupata hivyo ni nadra kuukuta dukani hapa mkoani.

Kuhusu sindano kuna kambi mbili: sindano mbili ndefu, na sindano moja yenye ndoano. Nyumbani zote ni nzuri. Ndani ya basi sina shaka yoyote kwamba ya ndoano ndiyo ya kuchukua. Sindano ndefu zina sentimita 30 na zaidi, na kwenye siti za watu watatu kwa wawili ncha zake zinaishia mbavuni mwa jirani. Ukishika sindano mbili, mstari mzima wa vitanzi uko wazi, na dereva akikanyaga breki ghafla unapoteza vitanzi 20 kwa mkupuo. Ndoano ina kitanzi kimoja tu. Basi likiruka tuta, kinachoponyoka ni hicho kimoja, na unakirudisha bila hata kuwasha taa. Ina urefu wa sentimita 15 hivi na inaingia mfukoni. Kwa uzi wa kawaida wa sweta chukua ya milimita 4.

Huku kwetu wapo wanaotengeneza ndoano kwa spoku ya baiskeli, wakiichonga kwa tupa na kuisugua mpaka ilainike. Ni ya bei ndogo mno na inadumu maisha yote. Tatizo ni unene: spoku ya kawaida ni milimita 2, kwa hiyo inafaa uzi mwembamba wa vitambaa vya meza na vya makochi, lakini kwa uzi wa sweta itakutesa na kazi itakuwa ngumu kama ubao. Kwa uzi mnene, kijiti cha mwanzi kilichochongwa vizuri ni bora kuliko spoku, na basi likitikisika hakimdhuru mtu kama chuma. Popote penye ncha, iwe chuma au mwanzi, weka sindano ndani ya mkoba gari linapoingia kwenye makona. Kutoka Igunga kwenda Singida, pale Mlima Sekenke, mikono ipumzike, na wenye kichefuchefu wapumzishe na macho.

Tuje kwenye usafiri wenyewe. Kwa viwango ambavyo LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilitangaza mwishoni mwa 2023, ukomo wa nauli ya basi la daraja la kawaida ulikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita, na daraja la kati shilingi 67.84. Kwa kilomita 1,400 hiyo ni kama shilingi 68,000 dhidi ya 95,000. Tofauti ni shilingi 27,000. Daraja la kati lina siti mbili kwa mbili, viwiko vina nafasi, na kwa mfumaji hiyo ni raha. Lakini kwa bei ya mfano wetu, shilingi 27,000 ni madonge matano ya uzi na chenji. Kama sababu yako ni kufuma tu, usilipe tofauti hiyo. Kata tiketi mapema, uchague siti ya dirishani upande wa mkono wako unaoshika sindano, ili kiwiko kinachocheza kielekee ukutani na si kwa jirani. Anayetumia mkono wa kulia akae dirisha la kulia. Hilo halina malipo ya ziada.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye tiketi ni mwanga. Kwa takribani miaka 30 mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Ruhusa ya saa 24 ilirudi mwaka 2023. Safari zimekuwa fupi, na kwa mwenye mgonjwa au msiba hilo ni jambo la kushukuru. Kwa mfumaji, usiku ni giza: taa za ndani huzimwa ili dereva aone na abiria walale, na mwanga wa simu unawasumbua wenzako huku ukimaliza chaji utakayoihitaji ukifika. Kwa hiyo ukiwa na uhuru wa kuchagua, panda basi la alfajiri.

Hata hapo, hesabu vizuri. Bukoba iko kaskazini-magharibi mwa nchi, na jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Basi linaloondoka saa 12 litakufikisha karibu na Muhutwe ukiwa bado gizani. Tena unakwenda mashariki, unalifuata giza la jioni: jua litazama mapema kidogo kuliko ungekuwa nyumbani. Ukirudi kutoka Dar mambo yanageuka. Kule kunapambazuka mapema, na jioni inakukuta Nzega au Kahama ambako jua linachelewa. Safari ya kurudi ina zaidi ya nusu saa ya mwanga kuliko ya kwenda. Toa vituo vya chakula, toa makona, toa uchovu wa vidole, na unabakiwa na saa tano au sita za kazi halisi. Kofia ya mtoto inayochukua saa tatu nyumbani itachukua nne na nusu ndani ya basi. Panga kufuma kofia moja na vibuti, usipange blanketi.

Wanaokwenda Mwanza wana uchaguzi tofauti. Zamani foleni ya kivuko cha Busisi na Kigongo ilikuwa nafasi nzuri ya kuhesabu vitanzi bila gari kutikisika. Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, pale panavukwa kwa dakika chache. Mfumaji amepoteza foleni, na sidhani kama kuna anayeililia. Anayetaka utulivu apande meli inayosafiri usiku kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza: haina matuta, ina taa, na sehemu ya kukaa ni pana. Kwa kufuma peke yake, meli inalishinda basi. Na kwa safari ya Bukoba kwenda Muleba, ambayo ni ya saa moja na nusu kwenye Hiace au Kosta iliyojaa, acha uzi ndani ya mkoba. Hakuna nafasi, na sindano ndani ya gari lililobana hivyo ni hatari kwa mtoto aliyepakatwa pembeni yako.

Wapo watakaouliza: mbona hatufumi kwa rafia au nyuzi za migomba, vitu ambavyo viko shambani bila kununua? Kwa vikapu na vikalio vya vikombe ni sawa kabisa, na ni zawadi inayoonyesha ulikotoka kuliko kofia yoyote ya akriliki. Lakini ni kazi ya barazani. Nyuzi hizo zinataka kulowekwa ili zisivunjike, zinamwaga vumbi, na ndani ya basi lenye joto zinakauka kabla hujafika Kahama. Vifume nyumbani, uvisafirishe vikiwa tayari.

Ukilinganisha na vya kununua, niseme wazi. Kofia ya mtoto ya kiwandani au ya mtumba mara nyingi inauzwa kwa bei inayokaribia ya uzi pekee, bila kuhesabu saa zako. Kwa mwenye shilingi chache anayetaka mtoto avae tu, anunue hiyo, hana kosa lolote. Kumlipa mfumaji wa kijijini kwako nayo ni njia nzuri kwa asiyejua kufuma: mpelekee uzi wako uliopimwa, mkubaliane bei ya mkono kabla ya kazi, na fedha inabaki Kagera. Unapofuma mwenyewe safarini unalipia kitu kingine: kipimo unachokitaka, uzi unaoujua, na mzazi anayeambiwa kwamba kazi hii ilifumwa kwa ajili ya mtoto wake tangu Muleba.

Kipimo hicho kisichukuliwe kwa mazoea. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, na akifika miezi sita kinakaribia 43. Ukifuma kofia ya sentimita 34 na safari yako ni wiki tatu baada ya kujifungua, tayari umechelewa. Fuma ya sentimita 40 yenye ukingo unaovutika. Usishonee vifungo wala shanga, maana mtoto hupeleka kila kitu mdomoni, na usiweke kamba za kufungia shingoni. Ficha ncha za uzi kwa ndani, ziingie angalau vidole vitatu, zisije zikafumuka na kujizungusha kwenye vidole vya miguu vya mtoto.

Kwa anayesafiri mwezi ujao, uamuzi wangu ni huu. Ukienda Dar, beba gramu 100 za pamba nyembamba na ndoano ya milimita 3, ufume kofia moja yenye matundu na kishikio kimoja cha sufuria cha mama mwenye nyumba, uzi wa kishikio ukiukunja mpaka uwe mnene. Ukirudi Bukoba au Muleba, beba uzi wa sweta na ndoano ya milimita 4, ufume mzula na vibuti. Uzi ununue siku mbili kabla, ukaupime, ukauchome kipande nyumbani. Ukisubiri asubuhi ya safari utachukua donge lolote litakalokuwepo. Na wenye mabasi ya usiku nawaomba taa ndogo zile za juu ya siti zifanye kazi. Nyingi zipo, ila haziwaki, na kuzitengeneza hakugharimu hata nauli ya abiria mmoja wa Dar.